Gari Lililoitwa Swaumu

2 Desemba 1973

Mvua ya kwanza imepiga leo, na kazi yangu imebadilika. Wiki iliyopita nilikuwa nabeba marobota ya tumbaku. Leo Mwenyekiti Ng'washi ameniita mbele ya watu akasema, "Wewe una kifua na huna shamba hapa. Utakuwa mtu wa Dionis."

Dionis ni dereva wa kijiji. Gari lenyewe ni Pijo, stesheni wagoni, la dizeli, refu kama jeneza la watu wawili. Mgiriki mwenye shamba la tumbaku aliliacha alipoondoka, kijiji kikalirithi. Njia ya kwenda Tabora ikishalowa, gari halifiki bila mtu wa kusukuma. Basi mtu huyo ni mimi, Mfaume wa Maneromango, niliyekuja Unyamwezi na kampuni ya barabara kwa miezi sita. Huu ni mwaka wa tatu.

3 Desemba

Tumesukuma.

4 Desemba

Tumesukuma tena, pale pale.

7 Desemba

Dionis hapendi mtu anayegusa kitu bila kuuliza, na mimi sipendi kusukuma kitu nisichokijua. Leo amefungua boneti akanieleza. Gari la petroli lina plagi zinazotoa cheche, na cheche ndiyo inayowasha mafuta. Hili halina cheche hata moja. Linaibana hewa ndani ya silinda mpaka hewa yenyewe inakuwa moto, kisha pampu inatema dizeli kidogo, kama mtu anavyotema mate kwenye chuma cha mhunzi, nayo inalipuka. Injini yake lazima iwe chuma kizito, la sivyo ingepasuka.

"Ndiyo maana linazama pua kwanza," akasema.

Hilo mgongo wangu ulikwisha kulijua.

Asubuhi kukiwa na baridi anavuta kifundo na kungoja. Kuna kiwaya mbele ya dereva kinachoanza kuwa chekundu kama kaa. Kikiiva, ndipo anawasha. Akiwa na haraka akawasha kabla, betri inakufa, na deni la haraka yake nalilipa mimi. Likiwaka linalia kama kokoto ndani ya debe. Milimani linapanda polepole, hata baiskeli inaweza kulipita na kuliaga. Lakini lina safu tatu za viti, na ukilaza mbili za nyuma mtu mzima anajinyoosha pamoja na godoro lake. Na halili. Galoni moja linakwenda maili thelathini na tatu. Landrova ya chama cha tumbaku, ambayo ni ya petroli, haifiki kumi na tano. Sisi tunakwenda Tabora na kurudi, debe moja halijaisha.

12 Desemba

Leo gari limepewa jina. Aliyelipa jina ni Bi Kuluthumu, mkunga wa zahanati ya kijiji, mtu wa Tabora mjini aliyeolewa huku. Ana sauti ya kuita watu kutoka shamba la pili.

"Mzaramo, limekula nini leo?"

"Nusu debe na zaidi kidogo, Bi Kuluthumu."

"Kutwa nzima?"

"Kutwa nzima."

"Basi limefunga. Lina imani kukushinda wewe. Tuliite Swaumu."

Na Swaumu limekuwa, hata kwa Dionis ambaye ni Mkatoliki.

Sisi Wazaramo na Wanyamwezi ni watani. Babu zao walipita kwetu na pembe mabegani wakienda pwani, na babu zetu wakawatoza hongo kila walipotaka kupita. Leo ukisema hongo watu wanafikiri rushwa, na mtu anafungwa kwayo. Zamani ilikuwa malipo ya njia, doti ya kaniki au shanga. Kwa watani neno limebaki kama lilivyokuwa. Kila nikisema nataka kwenda kwetu, Bi Kuluthumu anajibu kwamba njia imefungwa mpaka nirudishe hongo zote za babu zake. Huruhusiwi kukasirika. Siku nyingine najilazimisha kucheka, na nadhani anajua.

18 Desemba

Mvua. Uji bila sukari.

25 Desemba

Dionis amekwenda misa. Redio inasema mafuta yamepanda bei dunia nzima. Ng'washi aliposikia alikwenda akazunguka gari mara mbili, akalipiga begani kama mtu anayempongeza ng'ombe.

9 Januari 1974

Tumempeleka mgonjwa Tabora. Dionis alipokuwa hospitali nikakimbilia stesheni, treni ya pwani ilikuwa imeingia. Nassibu, mtu wa kwetu anayefanya kazi ya kuhudumia abiria kwenye treni, alinivuta kando ya behewa.

"Mfaume, umeoa au umeacha?"

"Nimeoa. Kuna nini?"

Akaniambia Maneromango inahamishwa. Watu wote wanawekwa kijiji kimoja, viwanja vitagawiwa kabla masika ya kwetu hayajaisha. Katibu anayesimamia ametangaza kwamba mwenye nyumba awepo mwenyewe kwa miguu yake. Asiyekuwepo, kiwanja chake kinapewa mwingine, na mkewe ataandikwa kwa kaka yake kama mwanamke asiye na mume.

"Mwanajuma anasema nini?"

"Amesema uambiwe. Basi."

Hivyo ndivyo alivyo. Mke wangu Mwanajuma hasemi mbele ya watu. Akisimamishwa mbele ya kamati atatazama vidole vya miguu yake, na kaka zake watasema kwa niaba yake, nao hawakunipenda toka siku ya posa.

Nassibu akasema, panda sasa hivi, nitakuficha. Nikasema nguo zangu ziko kijijini, nitakuja na treni ya Ijumaa. Mtu mzima nikajibu hivyo, kwa ajili ya shati mbili na blanketi.

11 Januari

Reli imekatika. Dionis ameisikia redioni. Maji yamechukua tuta, mbele ya Manyoni. Hakuna treni. Mabasi hayapiti tangu Krismasi.

12 Januari

Nimeuliza kila mtu. Hakuna.

15 Januari

Nimekwenda kwa miguu hadi Puge kuuliza. Hakuna. Nimerudi.

20 Januari

Silali. Siku nzima nikikaa nasimama, nikisimama nakwenda mpaka njia kuu, naangalia upande wa mashariki kana kwamba nitaona Uzaramo. Bi Kuluthumu amesema, "Mtani, unachimba handaki kwa miguu." Nilimjibu vibaya. Utani siku hiyo ukaisha mapema.

27 Januari

Naandika nguo bado zimelowa.

Tatu, mkwe wa Ng'washi, alianza uchungu alfajiri. Bi Kuluthumu aliingia ndani akatoka baada ya muda mfupi, na kwa mara ya kwanza sikumsikia akipaza sauti. "Mtoto amelala kingamo. Hii si kazi yangu. Dionis, pasha gari."

Tulilaza viti, tukaweka godoro. Kiwaya kiliiva, likawaka mara moja. Tulikwenda vizuri mpaka kwenye mbuga. Maji yalikuwa yamefunika njia yote, meusi, na katikati yake Landrova ya chama cha tumbaku imesimama. Dereva wake alikuwa juu ya boneti akikausha plagi kwa shati lake.

"Msiingie. Maji yanaua cheche," akapiga kelele.

"Letu halina cheche," Dionis akamjibu.

Akashuka, akalegeza mkanda wa feni ili isirushe maji juu ya injini, akavua viatu akavipanga kwenye kiti kana kwamba anaingia msikitini. Akaniambia, "Halifi kwa kulowa. Litakufa likimeza maji kwa pua, pale linapovuta hewa. Kwa hiyo tusikimbie, na tusisimame."

Nilikwenda mbele nikipapasa njia kwa miguu. Maji kiunoni. Swaumu likanifuata likilia kokoto zake, halikuongeza wala kupunguza. Pale kwenye shimo pua ikazama, matairi ya nyuma yakazunguka bure. Nilirudi nyuma nikaweka bega. Mlango wa nyuma ulikuwa na dirisha, na ndani yake niliona uso wa Tatu umepinduka, karibu kama mtu anayekula na wewe sahani moja. Hakuwa analia. Alikuwa ananitazama mimi.

"Mzaramo," Bi Kuluthumu akaniita kutoka ndani, "sukuma, unapapasa kama bwana harusi."

Nilisukuma. Sijui lilitoka vipi. Dereva wa Landrova alishuka majini akaja kuweka bega lake pia, shati la plagi limefungwa kichwani.

Tabora walimpasua. Amepona, na mtoto wa kike amepona. Daktari alisema wangechelewa kidogo tu angewazika wawili. Dionis alikwenda kwenye gari, akakaza mkanda wa feni, akavaa viatu.

28 Januari

Nimelala mpaka adhuhuri.

6 Februari

Habari imekuja na mnunuzi wa karanga: mkaguzi anazunguka anapima magari yote ya vijiji na vyama. Kule Bukene amechukua mawili. Ng'washi ameitisha mkutano.

Wote waliona jambo moja, na mimi niliona hivyo hivyo. Mafuta yamekuwa ghali, wakubwa wana magari ya petroli yanayokula kama nzige, sasa wanatafuta yasiyokula. Wakisikia sifa za Swaumu wataliondoa.

"Basi tuseme linakula," akasema mmoja.

"Nani aseme? Dionis?"

Dionis akatikisa kichwa. "Mimi siongopi juu ya gari. Sitasema ukweli, lakini siongopi."

Ndipo nilipoona macho yote yamenigeukia. Mimi si wa hapa. Mkaguzi ataniamini.

7 Februari

Kuna jambo ambalo hawakulifikiria, na mimi nimelifikiria kutwa. Swaumu likichukuliwa litapelekwa pwani, kupitia Singida na Dodoma. Kwa njia hii, mvua hii, haliwezi kwenda bila msukumaji. Wakilichukua, mimi nafika kwetu.

8 Februari

Nimemkumbuka Tatu kwenye dirisha. Nimemkumbuka Mwanajuma akitazama vidole vyake.

10 Februari

Bi Kuluthumu amekuja na doti ya khanga mpya, imekunjwa. Akaniwekea magotini mbele ya watu wote waliokuwa wanapukuchua mahindi.

"Babu zenu walitutoza kila tulipopita. Leo tunakulipa kabla hujadai. Hii ni hongo, Mzaramo. Ukishaichukua lazima utupishe."

Watu walicheka. Yeye macho yake hayakucheka. Nilielewa kwamba ni utani, na nilielewa kwamba si utani. Nikaichukua.

14 Februari

Amekuja. Anaitwa Ndugu Elieza, mtu wa Tukuyu, mwembamba, viatu vyake vimepakwa rangi hata katika matope haya. Hakutaka kiti. Alilitazama Swaumu juu na chini, akahesabu viti, akapiga tairi, akageuka kwangu.

"Wewe ndiye unayelisukuma?"

"Ndiyo, ndugu."

"Galoni linakwenda maili ngapi?"

Dionis alikuwa anafuta kioo ambacho kilikuwa safi. Bi Kuluthumu alikuwa amesimama nyuma ya wanawake. Nilikuwa nimekata shauri mara nyingi kabla ya hapo, kila mara vingine. Nikajikuta nasema, "Halifiki kumi na mbili. Linakunywa kama ng'ombe aliyetoka Ugogo."

Akaandika. Akashukuru. Ng'washi akachinja kuku.

Basi nimejifungia njia mwenyewe. Usiku wa leo sitaki kuongea na mtu.

15 Februari, asubuhi

Landrova ya Ndugu Elieza haikuwaka kwa unyevu, wakaniita nisukume. Akiwa anangoja plagi zikauke akazungumza nami, maana hana wa kuzungumza naye.

"Kazi yangu hainipi marafiki," akasema. "Nimeshayaondoa matano. Amri ni kuyatoa mikononi mwa vijiji magari yanayokula, maana mafuta hayapo. Yanakwenda Dar es Salaam kupigwa mnada. Yasiyokula yanaachwa, hasa penye zahanati. Nilitumaini hili la dizeli lingekuwa moja ya hayo. Ajabu, mengine ya aina hiyo niliyoyapima hayali kabisa."

Niliondoa bega kwenye Landrova.

"Dereva wenu ataliendesha mpaka pwani," akaendelea. "Atahitaji mtu wa kusukuma. Wewe unafaa. Kwenu wapi?"

"Maneromango, ndugu."

"Basi ni bahati yako. Mnaondoka Jumatatu."

15 Februari, adhuhuri

Naandika hapa nyuma ya ghala. Hakuna mwingine anayejua. Kijiji kimeogopa mwizi kikafukuza mlinzi. Tulidhani serikali inataka kizuri, kumbe safari hii inataka kibovu, na mimi ndiye niliyekiita kibovu.

Nikinyamaza, Jumatatu naondoka. Hakuna atakayenilaumu, nimesema walichonituma. Nitakaa mbele na Dionis, nitashuka mahali pa matope tu. Nitafika kabla ya viwanja. Dhambi yangu iko wapi? Nimejiuliza hivyo, na kila nikijiuliza nazidi kutembea. Nimezunguka ghala mpaka majani yamelala.

Sitasema nilikuwa na roho safi. Nilikuwa na hasira. Nilimkasirikia Tatu kwa kunitazama siku ile.

15 Februari, jioni

Nilimkuta Ndugu Elieza mbele ya ofisi ya kijiji anakunywa chai na Ng'washi. Wanawake walikuwa wanatwanga karibu.

"Ndugu, lile gari sivyo nilivyosema. Galoni linakwenda maili thelathini na tatu."

Aliweka kikombe chini. "Jana kumi na mbili, leo thelathini na tatu. Kesho litakuwa linatoa mafuta badala ya kula."

"Lipime."

"Nitalipima. Nani alikuambia useme kumi na mbili?"

Kabla sijapata jibu, Bi Kuluthumu aliyesikia nusu tu aliacha mchi wake. Yeye hakujua amri ni ipi. Aliona tu kwamba nimewageuka.

"Mzaramo, hongo yetu umekula, leo unatuuza? Babu zako walikuwa na haya. Wakishachukua doti walitupisha."

Ndugu Elieza akasimama. "Hongo gani?"

Vinu vyote vilinyamaza.

"Ni utani, ndugu," Bi Kuluthumu akasema, na sauti yake imepungua. "Hawa ni watani wetu. Ni maneno ya zamani."

"Amepewa kitu au hakupewa?"

"Amepewa doti ya khanga, lakini..."

"Kwetu Tukuyu mtu akipewa kitu ili aseme uongo, hatuiti utani."

Nilitaka kumweleza habari za pembe na njia na kaniki, nikaona hakuna njia ya kuyaeleza maneno hayo kwa mtu ambaye hakuzaliwa ndani yake. Mwanachama wa Chama anaapa kwamba rushwa ni adui wa haki, na hapa mkutano mzima umeitaja kwa jina. Ng'washi alikuwa amekuwa rangi ya majivu. Uenyekiti ulikuwa unamtoka palepale.

"Niliidai mimi," nikasema. "Niliwaambia sisemi kitu bila doti. Na uongo ni wangu. Nilitaka gari liende pwani nipate kiti."

Ndugu Elieza akamgeukia Ng'washi. "Ni kweli?"

Ng'washi alitazama juu kama anayeangalia mnazi, mti ambao hapa haupo. "Ndiyo," akasema.

Nilijua atasema hivyo. Hata hivyo iliniuma, kwa sababu bega langu ndilo lililomvusha mkwe wake.

"Kibarua wa kutoka nje, anawatoza wanakijiji," Ndugu Elieza akasema. Hakupiga kelele. Alionekana amechoka kuliko mimi. "Hutapanda gari la umma, si hili wala lingine. Nikirudi kukagua nisikukute."

16 Februari

Wamelipima. Walijaza tangi mpaka mdomoni, wakaenda Puge na kurudi mara mbili, kisha wakajaza kwa kopo la kipimo. Maili thelathini na nne. Nimeambiwa kwamba Dionis alisema moja imezidi kwa sababu mimi sikuwamo.

Limeachwa. Limeandikwa la zahanati.

17 Februari

Nimefunga shati mbili na blanketi. Dionis alinipa mkono akaushika muda mrefu, akasema, "Mungu anajua hesabu." Ng'washi hakutoka nyumbani, lakini Tatu alitoka na mtoto, akasimama mbali.

Bi Kuluthumu alinisindikiza mpaka njia kuu, jambo ambalo hajawahi kumfanyia mtu. Ameshaelezwa yote sasa, hata ile amri. Tulikwenda sambamba, nami nikaogopa kwamba ataniomba radhi, kwa maana mtani akiomba radhi utani umekufa.

Pale njiani akasema, "Ukifa huko utakakofia, tutakuja kuzuia jeneza. Huzikwi mpaka ukoo wako ulipe."

"Watalipa nini? Hawana kitu."

"Basi utaoza. Nenda."

Nikaenda. Nilipogeuka alikuwa bado amesimama, ameweka mikono kiunoni kama mtu anayedai.

19 Februari

Nimefika Tabora. Miguu.

25 Februari

Stesheni. Hakuna kitu. Nabeba mizigo ya sokoni, nalala kwenye baraza la muuza vyungu.

4 Machi

Reli wanaandika vibarua wa kuziba pale ilipokatika. Wanataka vifua. Nimeandikwa.

7 Machi

Treni ya mawe imetufikisha mwisho wa reli. Sikuwahi kuona mwisho wa reli. Vyuma viwili vinakwenda, vinakwenda, kisha vinaning'inia hewani juu ya maji kama ngazi ya mtu aliyeanguka. Ng'ambo ya pili, mbali, kuna genge jingine linalotoka pwani. Tunajaza sisi upande huu, wao upande ule.

8 Machi

Mawe.

9 Machi

Mawe. Mvua.

13 Machi

Genge letu karibu lote ni Wanyamwezi. Nilipowaambia mimi Mzaramo wameanza mara moja. Sikuchoka nao kama nilivyokuwa nachoka zamani. Nimewajibu mpaka nyapara akatuamuru tufunge midomo.

Maji yanashuka. Leo tumeona nyuso za wale wa ng'ambo.

21 Machi

Tuta limekaribia. Sasa tunasikizana. Wao wametutukana kwamba tunajaza kwa vijiko, na mimi ndiye niliyesimama kwenye ukingo kuwajibu kwa niaba ya Wanyamwezi, nikawaita watu wa pwani wavivu waliolelewa na madafu. Wenzangu walicheka mpaka mmoja akaangusha sururu majini.

26 Machi

Leo mawe ya pande mbili yamekutana. Halijawa tuta la kupitisha treni, lakini mtu anaweza kuvuka. Genge la pwani lilivuka kuja kula kwetu, maana sisi tuna maharage na wao wana unga tu.

Mmoja wao ni wa Kisarawe, anaitwa Abbasi, kijana wa maneno mengi. Hakuniuliza kwetu wapi, kwa kuwa siku nzima alinisikia nikijibu upande wa Wanyamwezi, na mimi sikusema. Watu walikuwa wanasimulia habari za kuhamishwa, kila mmoja na ya kwao. Yeye akasema ya kwao ilikuwa kichekesho.

"Waligawa viwanja mwanzo wa mwezi huu. Maneromango. Mwenye nyumba asiyekuwepo hapewi. Kuna mwanamke mmoja, mumewe amepotelea bara, hatujui ni hai au ni mzimu. Kaka zake walikuwa wameshasimama wamchukue. Yeye alikuwa amefika kiwanjani kabla ya kamati, amepanga mafiga, amebandika chungu, anapika. Katibu akamwambia, mama, ondoa chungu, hapa panagawiwa. Akasema, hakijaiva."

"Katibu akafanya nini?"

"Akasimama na karatasi zake anangoja. Kamati nzima inangoja kisamvu kiive. Kisha akamuuliza, mwenye nyumba yuko wapi? Yule mwanamke hajainua hata kichwa, anakoroga. Akasema, 'Mwenye nyumba ni anayekaa. Aliyekwenda ni mgeni, siku akija atapiga hodi.'"

Wenzangu wakacheka. Mnyamwezi mmoja akasema kwamba mwanamke huyo angefaa kuongoza msafara.

"Wakampa?" nikauliza.

"Wangefanyaje? Wameandika jina lake mwenyewe. Mwanajuma binti Pazi. Sasa kaka zake wakipita pale wanasalimu kutoka njiani."

Nilinyanyuka kwenda kuchota maji ambayo hatukuyahitaji. Nilikaa huko kidogo. Miaka sita nimekuwa mume wa mwanamke huyo nikidhani anatazama vidole vyake kwa sababu hana la kusema.

Nimeongea na nyapara wa genge la pwani. Keshokutwa treni yao ya mawe inarudi tupu mpaka Morogoro, na amesema nipande. Nimeomba wembe kwa Abbasi, nimenyoa ndevu. Shati moja nimeifua, nimeitandika juu ya mawe, na nimekaa hapa naitazama ikikauka. Nimeshajaribu mara mbili, peke yangu, kwa sauti ndogo, namna ya kusema hodi.